Usisahau Paka

Kama si kikombe cha chai, paka wa stoo asingetembezwa kilomita nne na nusu ndani ya kikapu, wala mlango wa choo cha Shangazi usingepanda mkokoteni ukaingia ofisini mchana kweupe. Na aliyekiweka kikombe hicho pale kilipowekwa alikuwa mtu wa mwisho ambaye ungemdhania uharibifu: dada aliyepika chai, kufagia na kufuta vumbi katika ofisi ya wachora barabara, mtu mpole asiye na haraka, ambaye wote walimwita Dada Chai, hata jina lake la kuzaliwa likawa linaona haya kujitokeza.

Dada Chai aliishia darasa la saba. Shuleni hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila walikuwa na mwalimu mmoja wa Kiswahili, mwembamba kama chaki aliyoishika, aliyewaimbisha ngeli asubuhi na mchana. Kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika. Mti umeanguka, miti imeanguka. Ukikosea, unaimba peke yako mbele ya wenzako. Hisabati ilimtoka Dada Chai, historia ikamtoka, ngeli zikagoma kutoka. Mpaka leo mtu akisema "kiti yangu" sikio lake la kushoto linawasha.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili na stoo. Chumba cha ndani alikaa Bosi, mhandisi mkuu, mtu wa maneno machache aliyetembea na rula ya chuma mfukoni. Chumba cha nje alikaa kijana wa kuchora kwa kompyuta, mwezi wake wa pili kazini. Huyu walimwita Digrii, kwa sababu hakuweza hata kuomba sukari bila kuitaja.

"Dada, mtu mwenye digrii anahitaji vijiko vitatu."

"Na asiye nayo?"

"Huyo anywe tu, hana mawazo."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa tu kama kiatu kipya, kinapiga kelele kabla hakijalainika.

Dada Chai alipenda kusimama nyuma yake na kitambaa mkononi, akifuta dirisha ambalo limeshafutwa, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Kwa kutazama tu alishajua barabara inavyozaliwa. Kwanza unachorwa mstari wa katikati, unaosema barabara inapita wapi. Halafu mstari wa mwinuko, unaosema inapanda wapi na kushuka wapi. Halafu umbo la mkato, kana kwamba mtu ameikata barabara kwa kisu kama mkate: hapa lami, hapa bega, hapa mtaro. Vitu hivyo vitatu kompyuta huvishona pamoja, likatoka dude refu wanaloliita ushoroba. Na kutoka kwenye ushoroba hutolewa nyuso: uso wa juu, ambao magari yatapita, na uso wa chini, ambao katapila likishafika hapo linaacha kuchimba.

Hilo la nyuso lilimfurahisha sana. Barabara nayo ina uso kama mtu, tena inaweza kuwa na nyuso mbili, kama watu wengine anaowafahamu.

Barabara waliyokuwa wakiichora wiki hiyo aliijua hata bila kompyuta. Ilikuwa ile ya vumbi iliyopita kwao. Ikifika kilimani ilijikunja kama herufi U, na pale penye mdomo wa hiyo U ndipo ilipokaa nyumba ya Shangazi, fundi cherehani, aliyemlea Dada Chai tangu hajui kufunga vifungo. Nyuma ya nyumba, tumboni mwa U, kilikuwapo choo.

Choo hicho tukiseme taratibu, kwa sababu ndicho chenye hadithi. Magoti ya Shangazi yalikuwa yamekataa kuchuchumaa. Hayakukataa kwa adabu. Yalikataa siku moja katikati ya shughuli, na majirani watatu ndio waliokuja kumnyanyua. Tangu siku hiyo alijiapiza atajenga choo cha kukaa. Kilimchukua miaka minne, gauni kwa gauni, suruali kwa suruali. Vigae alivitoa kwenye mabaki ya wajenzi, kwa hiyo vilikuwa vya rangi saba na hakuna kigae kilichofanana na jirani yake. Kilikuwa na mlango wa mbao wenye kitasa cha kuzungusha. Kilikuwa kimetumika miezi miwili tu. Shangazi alikiita "ofisini", na akiingia humo hakuna aliyethubutu kumwita kabla hajatoka mwenyewe.

Basi, Jumatano asubuhi Bosi alikuja shavu limevimba kama puto. Jino. Hakusema neno. Aliingia chumbani kwake, akatoa kalamu yake ya wino wa maji, akaandika karatasi, akaiweka juu ya meza ya Digrii, akaondoka ameshika shavu kwa mikono miwili kana kwamba ni yai la watu. Karatasi ilisema hivi:

*Naenda kung'olewa jino. Nyuso zote mbili zitoke kesho. USISAHAU MPAKA. UUZUNGUSHE BARABARA YOTE, USIACHE HATA KIPANDE, NDIPO UMPE MPIMAJI.*

Digrii hakuwa amefika bado. Aliyefika ni Dada Chai na kikombe cha chai yenye vijiko vitatu. Meza ilijaa ramani, hapakuwa na pa kuweka hata kidole, isipokuwa pale penye karatasi. Akakitua kikombe hapo, akaenda zake kufagia stoo. Kikombe kilikuwa kimemwagikiwa kidogo chini. Wino wa maji na chai ya moto havijawahi kuelewana. Digrii alipokiinua kikombe, ile M ya mpaka ilikuwa imekunywa chai ikajifia, na mahali pake pakabaki duara la kahawia.

Akasoma. Akakuna kichwa. Akasoma tena.

"Dada! Hivi Bosi ana paka?"

"Stoo kuna paka," Dada Chai akajibu kutoka huko ndani. "Kama ni wa Bosi au ni wa panya, mimi sijui."

Paka huyo alikuwa dume la kijivu lenye sikio lililochanika, aliyeingia siku moja akimfukuza panya akasahau kutoka. Lakini ni kweli kwamba Bosi alishawahi kuonekana akimmiminia maziwa yaliyobaki, huku akitazama kulia na kushoto kama mwizi.

"Ni wake," Digrii akakata kauli. "Sikiliza. 'Usisahau paka. Uuzungushe barabara yote, usiache hata kipande, ndipo umpe mpimaji.'"

Sikio la kushoto la Dada Chai likawasha. Akatoka na ufagio wake.

"Uu-zungushe?"

"Ndiyo. Nimzungushe."

"Angekuwa paka, si ingekuwa 'umzungushe'?"

"Dada, mtu ana jino kama msumari mdomoni, halafu wewe unamdai sarufi?"

"Haya. Lakini paka azungushwe barabarani ili iweje?"

Digrii akajiegemeza kitini. Hapo ndipo digrii ilipofanya kazi yake. "Mazingira," akasema. "Siku hizi hujengi barabara bila kuangalia athari kwa viumbe hai. Chuoni tulisoma muhula mzima. Bila shaka ni utaratibu mpya: unampitisha mnyama, unaangalia anavyopokea."

Dada Chai akageuza ufagio wake. Yeye ni nani wa kujua utaratibu mpya? Hata hivyo alilikuna sikio njia nzima akirudi stoo.

Mchana Digrii akatoa nyuso. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, kompyuta ikapiga mluzi wa feni, na uso wa juu ukatokea kwa rangi ya kijani. Dada Chai, akiwa dirishani na kitambaa chake, akaona jambo. Barabara haikuwa utepe tena. Pale kilimani, tumbo lote la U lilikuwa limejaa kijani, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, kama chapa ya kwato.

"Mbona hapo imevimba?"

"Wapi?"

"Hapo kwenye kona. Na yenyewe ina jino?"

"Hizo ni pembetatu, dada. Kompyuta inachukua nukta na nukta inaziunganisha kwa pembetatu. Ni hesabu. Kompyuta imekubali, haijalia, sisi ni nani?"

Akaomba ujazo wa udongo wa kufukia. Kompyuta ikamjibu: malori elfu tisini na mbili. Digrii akapiga mluzi wa heshima. "Hii barabara nzito," akasema, akahifadhi faili.

Alhamisi wakamzungusha paka. Digrii alitangulia na orodha ya vigingi vya mpimaji vilivyopigwa kando ya barabara, Dada Chai akafuata na kikapu, maana paka alikuwa hakubali kushikwa na mtu asiyemjua. Kila kigingi Digrii alisimama, anamwambia afunue kifuniko, paka anatoa kichwa na kutazama kigingi kwa dharau, Digrii anaweka alama.

"Kigingi cha kumi na mbili. Paka ameona. Hali?"

"Amekasirika."

"Kama cha kumi na moja?"

"Zaidi kidogo."

"Zaidi kidogo," Digrii akaandika.

Watu wa njiani waliacha walichokuwa wakifanya. Mwendesha baiskeli mmoja aliwaangalia hadi akaingia mtaroni. Kilimani kwenye U, paka alichomoka akapita chini ya cherehani ya Shangazi, na Shangazi akanyanyua miguu yote miwili kwa mara ya kwanza tangu magoti yagome.

"We mtoto! Mnafanya nini nyie?"

"Tunamzungusha paka, Shangazi. Ni kazi ya ofisi."

Shangazi akamtazama mpwa wake, akamtazama Digrii, akamtazama paka. "Na mimi nilikuwa nawaambia majirani unafanya kazi ya maana," akasema, akarudi kwenye pindo lake. Dada Chai akamnasa paka, akamrudisha kikapuni.

Mwisho wa barabara alikuwa anawangoja mpimaji, mtu mrefu mkimya mwenye kofia, na chombo chake cha kupimia juu ya miguu mitatu. Digrii akamkabidhi kikapu.

"Bosi kasema nikupe."

Mpimaji akafunua, akafunika. "Mimi nilikuwa nangoja faili."

"Faili hili hapa. Na paka huyu hapa. Weka sahihi."

"Kijana, mimi paka wananitoa machozi."

"Hata mimi nimeguswa, mzee wangu. Weka sahihi."

Mpimaji akaandika kwamba amepokea paka mmoja, kijivu, mwenye hasira, na kabla hajamaliza alikuwa ameshapiga chafya mara sita.

Mambo yalikuja kupasuka Ijumaa. Saa tano hivi Dada Chai alikuwa akipanga vikombe aliposikia gurudumu linalia nje. Akachungulia. Mkokoteni ulikuwa umesimama mlangoni, unasukumwa na jirani yao muuza mkaa, na juu ya mkokoteni ulikuwa umelala mlango wa mbao wenye kitasa cha kuzungusha. Kando yake alitembea Shangazi, anachechemea kwa ghadhabu. Juu ya mlango, kutoka pembe hadi pembe, palikuwa na alama kubwa ya X, nyekundu, mbichi.

"Yuko wapi mwenye ofisi?" Shangazi akauliza, na bila kungoja jibu akamwashiria muuza mkaa. Mlango ukaingia, ukaegemezwa ukutani katikati ya ramani. "Nimewaletea alama yenu. Mmeisahau kwangu."

"Shikamoo, Shangazi," Dada Chai akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu, na usiniombe nikae, nikikaa nitapoa. Leo asubuhi nimo ofisini mwangu, nimetulia. Nasikia mlangoni shwa, shwa, shwa. Nikauliza, nani anabisha? Sauti ikanijibu: hatubishi, mama, tunapaka. Mnapaka nini? Tunapaka X. Mtu yumo ndani! Wakasema, maliza tu mama, hatuna haraka, katapila linakuja kesho saa mbili."

Digrii akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Wakati huohuo mpimaji akaingia, macho mekundu kuliko ile rangi, kikapu mkononi.

"Chukueni," akasema, akapiga chafya. "Usiku mzima. Mke wangu kahamia kwa mama yake."

"Ndiye huyu aliyenipakia mlango?" Shangazi akauliza.

"Mimi nafuata faili, mama. Faili linasema barabara inapita hapo. Kilichomo ndani ya uso wa barabara tunakiwekea X. Nyumba yako imeponea chupuchupu, uso umekomea kwenye kibaraza cha nyuma. Choo kimo ndani."

"Basi mlango ninao mimi. Kesho mtabomoa nini?"

"Alama iko kwenye faili, mama. Mlango hata ungeutupa mtoni."

Shangazi akanyamaza. Hicho ndicho kilichomtisha Dada Chai. Alishamwona Shangazi akigomba, akiimba, akimfukuza mbuzi kwa pasi ya moto, lakini hajawahi kumwona amenyamaza. Shangazi aliweka mkono juu ya kitasa cha mlango wake, akakizungusha kidogo, kikalia kik.

"Miaka minne," akasema. "Haya. Nionyesheni huo uso."

Digrii akaufungua. Kijani kikajaa kwenye kioo. Shangazi akainama, akavaa miwani ya kushonea, akatazama.

"Hili ni gauni halijakatwa shingo," akasema.

"Samahani?"

"Kitambaa kimetandazwa kutoka bega hadi bega, hakuna tundu. Sasa kichwa kinapita wapi? Mwanafunzi wangu wa siku mbili hakosei hivi."

"Shangazi, hizo ni pembetatu. Mtu mwenye digrii..."

"Basi digrii yako nayo haijakatwa shingo!"

Dada Chai hakucheka. Alikuwa amekodolea macho ukutani, pale Digrii alipoibandika karatasi ya Bosi. Duara la kahawia. Ukingo wake ulikuwa umepita juu ya nafasi iliyo kabla ya neno paka, na hapo wino ulikuwa umesambaa kama moshi. Polepole akachukua kikombe kimoja kwenye sinia, akakigusisha na karatasi. Kikaenea kama kifuniko na sufuria yake.

Moyo ukamshuka hadi kwenye kandambili. Akisema, huenda akamwaga unga leo hii, maana ni nani atakayetaka dada wa chai anayefuta maagizo ya Bosi kwa kikombe? Asiposema, kesho saa mbili. Akamtazama Shangazi, ambaye bado ameshika kitasa.

"Digrii," akasema. "Hapa palikuwa na herufi. Kikombe changu kimeinywa."

"Kimekunywa nini?"

"Herufi. Mimi ndiye niliyekiweka. Bosi hakuandika paka. Kaandika mpaka."

Paka akalia mara moja kikapuni.

"Mpaka wa nini?" Digrii akauliza, lakini sauti ilikuwa imeanza kupungua.

"Sijui wa nini, mimi si mchoraji. Ninachojua, paka ni wa A-WA. Paka analala, paka wanalala. Ukimzungusha, una-m-zungusha. Mpaka ni wa U-I. Mpaka umewekwa, mipaka imewekwa. Huo ndio unaouzungusha. Tazama: U-u-zungushe. Bosi hakukosea. Jino lilimuuma lakini sarufi haikumuuma."

Digrii akaitazama karatasi muda mrefu. "Siwezi kubadilisha faili la serikali kwa sababu ya ngeli," akasema kinyonge. "Lazima Bosi mwenyewe aseme."

Wakapiga simu. Ikapokewa na mke wa Bosi. Jamani, akasema, mwenzenu mdomo mzima umejaa pamba, hawezi kusema, na miwani kaisahau kwa daktari wa meno, hata kuandika haoni. Lakini anasikia. Naweka sauti kubwa.

"Bosi, pole," Digrii akasema. "Ile karatasi. Ulimaanisha paka au mpaka?"

"A-AKA!" simu ikanguruma.

"Paka?"

"A-aka!"

"Mpaka?"

"A-AKA! A-AKA!"

Digrii akafunika simu kwa kiganja. "Kakubali yote mawili."

Mpimaji akapiga chafya. Shangazi akaketi, mwishowe, juu ya kiti cha wageni, na kuketi kwake kulimuuma Dada Chai kuliko kelele zake zote. Akaanza kufikiri, taratibu, kama anavyofikiri siku zote. Pamba imejaa. Midomo haikutani. Kwa hiyo M haitoki, P haitoki. Kinachotoka ni irabu, a, e, i, o, u, kama walivyoimba darasa la kwanza, na K ya kooni. Paka na mpaka zina irabu zilezile, hata ukiuliza hadi kesho. Lakini watumishi wa maneno hayo, wale wadogo wanaotembea nyuma yake...

"Nipe," akasema, akaichukua simu. "Bosi, shikamoo, ni Dada Chai. Hicho kitu, tumlishe, au tuuweke?"

Simu ikajibu kwa nguvu zote za mtu mwenye maumivu:

"Uu-E-KE!"

"U-i-e, au uu-e-ke?"

"UU-E-KE! UU-E-KE, A-AKA UU-E-KE!"

"Ahsante, Bosi. Upone haraka."

Akaikata simu. Wote walikuwa wanamtazama, paka naye.

"Kasema tuuweke," akasema. "Angekuwa paka, angesema tumlishe."

Digrii alikuwa ameshakaa. Akafungua dirisha la nyuso, akashuka chini, chini, hadi mahali palipoandikwa mipaka. Palikuwa tupu, peupe kama sahani iliyooshwa. "Tulisoma hii," akanong'ona. "Tuliisoma kabisa." Usipoiwekea barabara mpaka, kompyuta haijui ikome wapi, inaunganisha nukta na nukta, ukingo na ukingo, hadi inajaza kona nzima. Akachukua ukingo wa nje wa ushoroba, akaufanya mpaka, akauzungusha barabara yote, hakuacha hata kipande. Akabonyeza.

Kijani kikatetemeka. Kisha kikaanza kunywea, kikajikusanya, tumbo la U likatapika kila kilichokuwamo, ikabaki barabara, utepe mwembamba unaozunguka kilima kwa adabu. Katikati pakabaki peupe. Na katika ule weupe kilionekana kijisanduku kidogo, umbali mzuri tu kutoka mtaroni.

"Ofisi yangu," Shangazi akasema.

"Malori elfu moja na mia moja," Digrii akasoma.

"Nilikuwa nashangaa," mpimaji akasema, akijifuta macho. "Elfu tisini na mbili ningezitoa wapi, nihamishe mlima wa jirani?" Akachukua faili jipya, akampigia dereva wa katapila hapohapo, akamwambia kwenye U apite nje kama binadamu. Kisha akaondoka upesi kabla hajakabidhiwa mnyama mwingine.

Dada Chai akashika ukingo wa mlango uliokuwa umeegemezwa ukutani, tayari kumsaidia muuza mkaa kuupakia. Shangazi akakataa.

"Siubebi na alama. Mlioupaka mtaufuta. Mimi nitaweka kanga."

Siku tatu choo kikakaa na kanga mlangoni, na kwa kuwa upepo wa kilimani hauna heshima, siku hizo tatu Shangazi alikwenda ofisini akiwa ameshika kanga kwa meno.

Jumatatu Bosi akarudi. Shavu lilikuwa limeshuka nusu, lakini daktari alikuwa amemkataza kuongea. Akaingia, akauona mlango wa choo katikati ya ofisi yake. Akamwona paka amelala juu ya kompyuta. Akaona ukutani, imebandikwa vizuri, orodha ya vigingi tisini na hali ya paka katika kila kigingi. Akamgeukia Digrii. Digrii akafungua mdomo, hakikutoka kitu, hata irabu.

"Ni mimi, Bosi," Dada Chai akasema. Akaeleza yote, kikombe, chai, M, mikono ikiwa nyuma ya mgongo. Bosi akachomoa rula yake, akapima duara lililo kwenye karatasi, akapima kitako cha kikombe. Akatikisa kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kuruka, na akashika shavu kwa mikono miwili, kwa kuwa mtu aliyeng'olewa jino hatakiwi kucheka, na yeye alikuwa anakufa kwa kicheko. Alipotulia, akaandika karatasi mbili. Ya kwanza akampa Dada Chai mkononi: *Kuanzia leo karatasi zangu zisomwe na wewe kwanza. Kikombe kikae kwenye kisosi.* Ya pili akampa Digrii: *MLANGO: PAKA RANGI NYEUPE. UURUDISHE LEO.*

Digrii akaisoma. Macho yake yakaenda polepole hadi kwa paka wa kijivu. Dada Chai akaushikilia ulimi wake kwa nguvu.

"Paka... rangi nyeupe," Digrii akasema. Paji la uso likajikunja. "Angekuwa paka, ingekuwa mweupe. Hii ni nyeupe. Ni rangi." Akainua kidole. "Na u-u-rudishe. Angekuwa yeye, u-m-rudishe. Kwa hiyo ni mlango!" Akamgeukia Dada Chai, uso unang'aa kama mtoto wa darasa la tatu. "Sawasawa?"

"Sawasawa. Kakae."

Mchana huohuo waliupeleka kwa mkokoteni, wao wawili na kopo la rangi, na paka akafuata nyuma kwa hiari yake, kwa sababu sasa hiyo barabara aliijua kigingi kwa kigingi. Waliutundika kwanza. Shangazi hakungoja hata bawaba ya pili ikazwe sawasawa. Aliingia, akafunga, kitasa kikalia kik. Wakabaki nje na brashi zao, wakaanza.

Shwa, shwa, shwa.

"Nani anabisha?" sauti ikatoka ndani.

"Hatubishi, Shangazi," Dada Chai akajibu. "Tunapaka."

Kitasa kikazunguka kidogo kwa ndani, kwa mashaka.

"Mnapaka nini?"

"Nyeupe!" Digrii akapaza sauti. "Siyo mweupe, Shangazi, nyeupe!"

"Haya," Shangazi akasema. "Pakeni polepole. Niko kazini."